Mkono wa Sikio

Jina lake halisi limeandikwa kwenye kitambulisho, na humo ndimo lilimobaki. Mtaani aliitwa Sikio. Hakupewa jina hilo kwa kuwa na masikio makubwa, ingawa hayakuwa madogo. Alipewa kwa sababu ya kazi. Kwa miaka arobaini alitengeneza redio, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kufungua redio kabla ya kuisikiliza. Ungemletea redio yako inayokoroma, angeiweka mezani, angeiwasha, angefumba macho na kuinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kisha angekwambia, "Kuna waya umeachia karibu na swichi." Ungebisha, maana binadamu hachoki kubisha. Angechukua bisibisi na kufungua, na waya ungeukuta umeachia karibu na swichi.

Basi sikio hilo sasa lilikuwa limekufa nusu, na hakuna aliyejua ila mwenye nalo.

Lilikufa kwa adabu, polepole, bila maumivu. Kwanza walinyamaza ndege wa asubuhi, akadhani wamehama. Kisha birika likaacha kupiga mluzi. Alilichunguza mdomo na hakuona kasoro. Baadaye maneno ya watu yakaanza kumfikia yakiwa yameliwa kingo, kama mkate uliopitiwa na panya, akawa anajaza mwenyewe pale palipobaki wazi. Ajabu ni kwamba sauti nzito hazikuguswa. Lori likipita mtaa wa pili alilisikia. Mnguruno wa umeme ndani ya redio mbovu aliusikia. Wateja wanaume wenye vifua vipana aliwasikia, akawajibu na kucheka nao. Kilichokufa ni sehemu ya juu, zile sauti nyembamba, na huko juu ndiko ilikokuwa ikiishi sauti ya mkewe.

Sauti ya mkewe ilikuwa nyembamba kama uzi wa cherehani. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka kuposa. Aliisikia ikimwita mtu ng'ambo ya barabara, akaiacha redio ya mteja ikiungua mezani, akatoka nje kumtafuta mwenye sauti. Mteja hakumsamehe mpaka leo.

Sasa sema wewe. Mwanamume anasikia lori lililo mtaa wa pili, anasikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta, lakini mkewe aliye naye chumba kimoja hamsikii. Utasema anaumwa nini? Mkewe alisema anaumwa dharau. Alisema ametia pamba masikioni kwa makusudi, kwamba amemchoka, na kwamba yanayotoka kinywani mwake yeye si habari tena.

Na Sikio hakumsahihisha. Hapo ndipo pa kumlaumu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wenye akili, lakini wenye akili hao hawakuwa wakiitwa Sikio. Mpishi akipoteza ulimi atabaki na mikono. Yeye angebaki na nini? Redio tatu nne za wazee wenzake zilizokuwa zikimjia kila mwezi, heshima ya kuitwa kutoka mtaa wa tatu, wanafunzi waliomwita Mwalimu, vyote vilining'inia kwenye kitu hicho kimoja. Aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko aitwe kiziwi. Mwenye kiburi huchukiwa, lakini hahurumiwi.

Miezi mitatu kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, mkewe alihama chumba. Alichukua mto wake na shuka lake, akaenda kulala katika chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Sikio alipomfuata mlangoni kumuuliza kulikoni, alisema maneno machache, akimtazama usoni, kwa hiyo Sikio aliyaona yote midomoni.

"Siku ile nilikwambia, na ukanijibu. Jibu lako nimelipokea."

Siku ipi? Alimwambia nini? Na yeye alijibu nini? Sikio alirudi karakana, akakaa kwenye kigoda chake na kuitafuta siku hiyo kama anavyotafuta waya ulioachia. Hakuipata. Kuuliza ndiyo ilikuwa dawa, lakini kuuliza ni kukiri kwamba hukusikia, na kukiri kwamba hukusikia ndicho kitu alichokuwa akikikimbia. Akawa amejifungia mwenyewe na ufunguo ameumeza. Miezi mitatu akakaa hivyo, anakula anachopewa, anasema asante, na mkewe anajibu kwa kichwa.

Jumapili kabla ya siku hiyo mkewe alishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Alilivuta mpaka sebuleni, akaliegemeza nyuma ya mlango na kusema, "Jumamosi nakwenda kwa binti yetu. Nakwenda kukaa."

Sikio aliliona kila neno. Alitaka kusema usiende. Akasema, "Haya."

Na alipolisikia lile haya lake mwenyewe, maana sauti yake nzito aliisikia vizuri, alitamani kujipiga kofi.

Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Asubuhi hiyo alikuja fundi wa spika.

Nyumba hiyo ilikuwa na spika tano zisizo na waya, moja kila chumba, zinazopiga muziki mmoja nyumba nzima. Sikio alizifunga mwenyewe miaka kumi iliyopita ili mkewe, ambaye hakai pahali pamoja dakika tano, asipoteze wimbo anapotoka jikoni kwenda kufua. Sasa zilikuwa zimezeeka. Ya jikoni ilikatikakatika, ya karakana iliamka inapotaka yenyewe, na kampuni iliyoziunda ilikuwa imeacha kuziletea masasisho. Binti yao alinunua mpya huko aliko, akazituma kwa maboksi matano meupe, na akapiga simu kwamba fundi naye ameshapatikana, mzuri mno. Baba wa watu hakujua kwamba fundi huyo ni mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema fundi, mama mmoja aliyesimama mlangoni, mkoba begani, ngazi fupi mkononi. Alikuwa na miaka kama arobaini na kitu, na mvi mbili tatu zilizokuwa zikimchungulia chini ya kitambaa.

"Marahaba, marahaba. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nianze na ya jikoni?"

"Marahaba," alisema Sikio.

Fundi alicheka, akadhani ni utani wa kizee, akapita. Mkewe Sikio, aliyekuwa akimpokea mgeni mkoba, hakucheka.

Kazi ilianza. Fundi alishusha spika za zamani moja moja, akazipangusa vumbi na kuzipanga sakafuni kwa mstari. Sikio alimfuata nyuma akimpa bisibisi kabla hajaiomba. Hilo halikuhitaji masikio. Mikono ya mtu aliyemfundisha aliijua. Walipofungua boksi la kwanza Sikio aliigeuza spika mpya chini juu.

"Si mlisema hazina waya?"

"Hazina, Mwalimu."

"Na huu mkia?"

"Huo ni wa umeme."

"Basi wameficha mmoja wakaacha mmoja," alisema Sikio, na safari hii fundi alicheka kwa haki. Sikio aliona mabega ya mkewe yakitikisika kidogo kule kwenye jiko, mara moja tu, kisha yakatulia. Kwa mtikisiko huo mdogo angekubali kufunga spika nyingine hamsini.

Saa nne spika zote zilikuwa zimekaa mahali pake. Fundi aliketi kwenye meza ya sebuleni na simu yake ili avipe vyumba majina, maana mtambo huo mpya haukubali kufanya lolote mpaka ujue uko wapi. Mkewe Sikio alileta vikombe vitatu vya chai, akaweka cha mumewe mbali kidogo na mkono wake.

"Sebule," alisema fundi, akiandika. "Jikoni. Karakana. Chumba cha wenyewe. Na kile cha mwisho, kilichokuwa cha binti, nikiite nini?"

"Kiite Mgeni," alisema mkewe.

"Mnatarajia mgeni?"

"Hapana. Yupo tayari, ila anaondoka Jumamosi."

Fundi aliandika bila kuinua macho, kama mtu aliyegundua amekanyaga mguu wa mwenyeji. Sikio naye alikuwa ameliona neno lile likiumbwa. Mgeni huanza midomo ikifungwa. Ni neno rahisi kulisoma. Alikunywa chai, ikamuunguza.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Fundi alieleza: kila spika itatoa mlio unaoanza chini kabisa, mzito kama ng'ombe anayeguna, ukipanda, ukipanda, mpaka uwe mwembamba kama mbu, halafu upotee. Simu ingeusikiliza na kujua chumba kina pazia nene au ukuta mtupu, na kuirekebisha spika ipasavyo. Alieleza akimtazama Sikio, na Sikio alielewa nusu kwa kuona na nusu kwa uzoefu.

"Siku hizi simu ndiyo inayosikiliza," alisema fundi. "Lakini mimi siiamini simu kuliko sikio la mwalimu wangu. Mwalimu, ule mchezo wetu bado unaukumbuka?"

Nani angeusahau? Karakana ile ilikuwa na mchezo wake. Kila Ijumaa kabla ya kufunga, Sikio aliwaketisha wanafunzi kwenye benchi, akawaambia wafumbe macho na wanyanyue mkono, kisha akaufungulia mlio uleule unaotoka chini kwenda juu. "Shusha mkono ukikata," aliwaambia. Mlio ukipanda mikono ilishuka mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki miwili, kisha mmoja, na huo mmoja siku zote ulikuwa wa Sikio. Mkewe alikuwa akija kusimama mlangoni na kibwebwe chake kiunoni kuutazama mkono huo. Alikuwa akisema, kwa kujivuna kabisa, kwamba mumewe anasikia mpaka sisimizi akipiga chafya.

Na alikuwa na somo lingine, la wale ambao masikio yao yalichoka mapema. Aliwashika mkono akaubandika kwenye sanduku la redio. "Kama sikio halikuambii, uliza kiganja," alisema. "Lugha yetu si mchoyo. Unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia harufu, na hakuna hata kimoja kinachoingia kwa sikio. Usikilize kwa chochote ulichonacho."

Angeweza kukataa. Angesema kichwa kinamuuma, au chai imemuunguza ulimi, au mchezo huo ni wa watoto. Lakini aligeuka akamwona mkewe amesimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi, kitambaa cha kukaushia begani, na anamtazama. Anamtazama yeye. Kwa miezi mitatu macho hayo yalikuwa yakimpita kama yanavyopita fanicha. Sasa yalikuwa yametulia juu yake, na ndani yake mlikuwa na kitu kidogo cha Ijumaa za zamani. Sikio alilegea. Mwanamume mzima, mwenye wajukuu, alilegea.

"Ninaukumbuka," alisema. "Lete."

Msidhani aliingia bila silaha. Alikuwa na hesabu yake. Mlio ule aliupiga kila Ijumaa kwa miaka, alijua urefu wake kama anavyojua ngazi za nyumba yake: sekunde thelathini kutoka kwa ng'ombe hadi kwa mbu. Angeweka kiganja mezani, ilipo spika, asikie mlio unapoanza huko chini. Kisha angehesabu kimoyomoyo, na akifika ishirini na nane, si thelathini, maana fundi wa kweli hajisifu kupita kiasi, angeshusha mkono. Nani angejua?

Alifumba macho, akalaza kiganja cha kushoto mezani, akanyanyua mkono wa kulia.

Mlio ulianza. Aliusikia kwa kiganja kwanza, mtekenyo wa mbao, halafu sikio nalo likaudaka, mzito, mtamu, kama mtu wa zamani anayemsalimu. Moja. Mbili. Ukapanda. Tatu, nne, ukaondoka kiganjani, tano, ukabaki sikioni peke yake, sita, saba, na kwenye nane ukaanza kumwacha kama msafiri anayekwenda bila kuaga. Kwenye tisa palikuwa kimya. Sikio hakutikisika. Aliacha mkono wake juu, akaweka usoni lile tabasamu dogo la mtu anayefuata jambo ambalo wengine wamelipoteza. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Kumi na tisa.

"Bado," alisema, ili mambo yakolee. "Bado nasikia."

Ishirini na nne. Alimwona mkewe kichwani, mlangoni, akiutazama mkono. Ishirini na saba.

"Hapo," alisema kwenye ishirini na nane, akaushusha kwa madaha. "Hapo umekata."

Akafumbua macho. Simu ya fundi ilikuwa imelazwa mezani kifudifudi. Fundi mwenyewe hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama nyuma yake, juu ya bega lake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyevunja kitu katika nyumba ya watu. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Sikio aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, na midomo yake ilikuwa ndiyo kwanza inafunga neno.

Kisha fundi aliinamisha kichwa mbele ya Sikio ili aonekane vizuri, akasema polepole, kwa heshima yote aliyofundishwa, "Mwalimu, mlio wa siku hizi ni mfupi. Ni sekunde kumi na tano tu." Akachukua mkoba wake. "Ngoja nikakaze ile ya karakana." Ile ya karakana ilikuwa imekazwa tangu saa tatu, na wote watatu walijua.

Mkewe alizunguka, akavuta kiti alichokikalia fundi na kuketi.

"Nimekuita mara tatu," alisema. "Nyuma yako hapa. Nimekuita kwa jina lako la kwenye kitambulisho."

Sikio alitazama mikono yake.

"Niangalie. Tangu lini?"

"Mwaka juzi," alisema. "Walianza ndege."

"Wakafanyaje?"

"Walinyamaza. Halafu birika. Halafu wewe."

Mkewe aliweka kitambaa cha kukaushia mezani, akakikunja mara mbili, akakikunjua. "Mwaka juzi," alisema. "Mwaka juzi mpaka leo unaniacha nizungumze na kuta. Nimejiona sina thamani, nimejiona nimezeeka vibaya, nimekaa usiku nikijiuliza nimekukosea nini. Na wewe unajua."

"Ningekwambia nini? Kwamba Sikio hana sikio?"

"Mimi sikuolewa na Sikio. Niliolewa na wewe."

Hilo alilisoma lote. "Siku ile," alisema. "Uliyosema nilikujibu. Nimeitafuta miezi mitatu, mke wangu. Siijui. Sijui uliniambia nini wala sijui nilikujibu nini. Niambie tena."

Mkewe alimtazama sana, kama anayepima kama mtu huyu anastahili kupewa. Alipoanza kusema alisema polepole, akiumba kila neno, na pale midomo ilipotetemeka na neno kuharibika, alirudia.

"Ulikuwa karakana. Umenipa kisogo, umeinamia redio ya mtu, moshi unafuka. Nilisimama mlangoni. Nilikwambia, mume wangu, nimeshika uvimbe kwapani. Nikakwambia naogopa. Hukugeuka. Ukaipuliza ile redio, ukasema, 'Safi.'"

Sikio hakuelewa. Kisha akaelewa. Kila anapomaliza kuunganisha waya, anapuliza, anatazama, anasema safi. Amelisema neno hilo mara elfu kumi maishani mwake, na mara moja kati ya hizo elfu kumi lilimwangukia mkewe usoni.

"Nikasubiri kidogo," aliendelea mkewe, "nikidhani ni mzaha. Ukasema tena, 'Safi kabisa.' Basi nikaenda peke yangu. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, kila mwanamke ana mtu wake. Wakanikata kipande wakapime. Siku kumi nikasubiri majibu, ninakupikia, ninakuwekea chakula mezani, na wewe unasema asante."

"Na majibu?"

"Hakuna kitu. Ni nyama tu. Walisema niende nikalale salama."

Sikio alilia. Hakulia kwa ufundi wala kwa aibu. Alilia kama mtu aliyepigwa, mabega yakipanda na kushuka, na sauti yake nzito, hiyo moja aliyoweza kuisikia vizuri, ikamjaa kichwani. Alilia kwa ajili ya benchi lile la hospitali. Alikuwa nyumbani siku hiyo, hakuwa na kazi yoyote ya maana, angekwenda hata kwa miguu.

Mkewe alimwacha alie. Alikuwa na haki ya kumwacha. Kisha akauchukua mkono wake, uleule wa kulia uliokuwa hewani ukisikiliza ukimya, akaupitisha chini ya mkono wa gauni lake hadi kwapani, akavibonyeza vidole vyake kwenye ngozi. Palikuwa na mstari mdogo mgumu, urefu wa njiti ya kiberiti.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia," alisema Sikio.

Walikaa hivyo mpaka chai ikaota utando.

"Jumatatu tunakwenda kupima hayo masikio," alisema mkewe hatimaye, akiutoa mkono wa mumewe na kujifuta uso kwa kitambaa cha vikombe. "Na mimi nitakuwepo kwenye benchi. Si kama watu wengine."

"Wakinipa kile kidude cha kuvaa?"

"Utakivaa."

"Watu wataona."

"Waone. Kenge ndiye husubiri mpaka atoke damu. Wewe si kenge."

Sikio alijipangusa pua.

Fundi alikohoa kwenye korido muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kuingia. Alisema amemaliza, na kwamba iliyobaki ni kuziwasha zote kwa pamoja. Aliziwasha. Wimbo ulianza nyumba nzima, na Sikio alilaza kiganja mezani. Sehemu ya juu ya wimbo haikumfikia. Kulikuwa na zumari huko, alilikumbuka, lakini lilikuwa limekwenda kuishi na ndege. Chini kulikuwa kwema. Ngoma ilimpanda kiganjani ikapita kiwiko. Fundi alikuwa mlangoni na simu yake, akiuliza kitu, akielekeza kidole kwenye chumba cha mwisho. Mkewe, aliyekuwa akikusanya vikombe nyuma ya Sikio, alimjibu. Fundi akatabasamu, akafuta kitu kwa kidole gumba, akaandika kingine.

Sikio aliliona tabasamu hilo na hakujua la nini. Alikaa palepale, kisogo kikiwa kwa mkewe, kiganja mezani.

Nyuma yake mkewe alisema jambo. Alilisema akiwa na vikombe mkononi, akielekea jikoni, kama watu wanavyosemezana nyumbani. Sikio hakugeuka. Mkewe alipiga hatua mbili zaidi, kisha akasimama. Akarudi. Aliweka vikombe chini, akaizunguka meza yote, akapita mbele ya mumewe na kusubiri mpaka ainue macho.

"Nimesema," akaanza upya, "njoo unisaidie kulirudisha lile sanduku juu ya kabati. Mimi peke yangu silifikishi."